Vyuma vya Shamba la Jirani

Jumapili, 4 Agosti

Nimefika jana mchana. Daktari ameniamuru nipumzike mpaka kidonda cha tumbo kikauke vizuri: nisibebe ndoo, nisiiname, nisikimbie. Kumwambia mkunga asiiname ni sawa na kumwambia asipumue, lakini nimekubali. Nyumbani kwangu niko peke yangu tangu binti yangu aolewe, ndipo wifi akanipigia simu akasema njoo ukae kwetu, utapikiwa na utalala. Nilisita. Si kwa sababu yake, wifi yangu hana makuu. Ni kwa sababu ya kaka.

Mimi na kaka hatujagombana. Tumepoa tu. Tangu tumzike mama, nikimpigia simu ananijibu "haya, haya, sawa," kisha anampa mkewe simu au anakata. Nilipomwambia kwamba napelekwa chumba cha upasuaji kutolewa uvimbe alinijibu, "Vizuri, vizuri sana." Siku ile nililia kuliko nilivyolilia uvimbe wenyewe.

Jana alinipokea barabarani, akachukua begi langu, akaniuliza habari za safari. Kabla sijamaliza kujibu alikuwa amegeuka anakwenda zake.

Jumanne, 6 Agosti

Chumba nilichopewa ndicho ghala la vyuma vyake. Nalala nikitazamana na rafu iliyojaa kutu: makomeo, bawaba, vichwa vya majembe ya zamani, hatamu ya farasi, nyororo, misumari minene kama kidole gumba. Kila kimoja kimepigwa brashi na kupakwa mafuta. Kaka alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu ujana wake. Alipostaafu alijinunulia kifaa cha kutafutia vyuma ardhini, kile chenye mpini mrefu na sahani chini. Wifi anasema wenzake walinunua ng'ombe, yeye akanunua fimbo inayolia.

Ijumaa, 9 Agosti

Upepo na vumbi. Kidonda kinawasha. Kaka katoka alfajiri, karudi na bawaba nyingine.

Jumatano, 14 Agosti

Leo nimemfuata shambani, maana kukaa ndani kumenichosha. Mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua yamelala chini, ardhi imepasuka kwa ukame. Anatembea polepole, sahani ya mashine ikipita juu ya udongo huku na huku kama mtu anayepiga deki, spika za kuvaa kichwani zimemziba masikio. Nilimwomba nisikie na mimi. Akachomoa waya, mashine ikaanza kulia wazi.

Akanieleza vizuri, kwa subira ambayo sikuitegemea. Chuma kizito kina mlio mnene. Shaba na fedha zina mlio mwembamba, wa juu. "Sarafu hulia kama ndege," alisema. Nikamwuliza mbona sijaona sarafu hata moja kwenye rafu. Hakujibu. Nikajisemea, haya, tumeanza.

Tukaendelea. Karibu na ukingo wa shamba mashine ikatoa mlio mwembamba, safi, kama kilio cha kichanga kinachoingia duniani. Kaka akapita. Nikasubiri ageuke. Hakugeuka. Nikamwita, "Kaka!" Akaendelea kupiga deki. Nikamwita kwa jina lake la utotoni, lile la kumkasirisha, kwa sauti yangu yote. Yuko hatua chache tu mbele yangu, na mgongo wake haukushtuka hata kidogo.

Nilimgusa bega, nikamrudisha, nikamwonyesha mahali kwa kidole. Alichimba kwa koleo dogo, akaufikicha udongo kiganjani, ikatoka sarafu yenye tundu katikati. Alifurahi kama mtoto. Mimi nilifurahi kwa uso tu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimemkuta wifi anafua, nikamwuliza waziwazi. Alikamua shuka mpaka tone la mwisho kabla ya kunijibu. Alisema aliapishwa asimwambie mtu. Mashine ya kusaga ndiyo iliyomla masikio, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Sauti nene anazipata, za wanaume anazipata zikiwa karibu. Za wanawake na watoto zimekwenda. Kwenye simu hapati kitu, anakisia tu wapi pa kusema ndiyo. Hospitali hataki kusikia habari zake. Anasema wakishajua wataanza kumpigia kelele kama mtoto au kumcheka kama mlevi.

"Siku ile ya upasuaji," wifi aliniambia, "alidhani unamwambia umepandishwa cheo. Nilipomweleza baadaye alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia mpigie basi. Akasema, nimpigie nimsikie na nini?"

Siandiki zaidi leo.

Jumapili, 18 Agosti

Nilikaa mbele yake barazani, kiti kwa kiti, nikazungumza taratibu ili anione mdomo. Nikamwambia najua. Sikumlaumu, wala sikumhubiria habari za hospitali, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha. Mwishowe akasema, "Basi nisaidie kuisikia mashine. Hayo mengine tuyaache."

Jioni hiyo hiyo akaunga waya mrefu kwenye spika.

Jumatatu, 19 Agosti

Mimi natembea nyuma nimevaa spika, yeye mbele na mashine, waya kati yetu. Mlio ukija nauvuta waya kidogo, anasimama. Wifi katuona kutoka jikoni, akasema tunafanana na mbuzi na mchungaji wake, ila hajajua nani mbuzi.

Alhamisi, 22 Agosti

Kifungo cha shaba, sarafu mbili zilizolika sura, kijiko kilichokunjika. Kaka amezipanga kwenye rafu yangu, mbele ya vyuma, mahali pa heshima.

Jumanne, 27 Agosti

Kofuli kubwa lisilo na ufunguo. Kaka alishinda nalo mapajani akilipiga brashi. Tulipiga soga mpaka jua likatuhamisha barazani. Kumbe mcheshi yule wa zamani bado yumo ndani. Inabidi ukae mbele yake tu.

Jumatatu, 2 Septemba

Shamba la kaka tumelimaliza. Limebaki la jirani, lile la bondeni kwenye kijito, ambalo trekta litalipindua kabla ya mvua. Jirani huyo kaka anamwita Bwana Mipaka, maana kila wiki huzunguka kuhakikisha hakuna aliyesogeza jiwe la mpaka. Ni mzee mfupi, amenyooka, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni.

Kaka hakutaka kwenda kuomba. Nikaenda mimi. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza, akasema hana kinyongo na mimi. Ila alitaka nijue kwamba kaka yangu ni mtu wa majivuno. Anamsalimia njiani miaka yote, naye anapita kama amepita mti. Aliwahi kumpa pole ya msiba wa mama, uso kwa kisogo, na hakujibiwa. Nilimeza maneno. Siri si yangu.

Mwishowe alikubali, kwa sharti moja: kitakachopatikana cha maana tugawane nusu kwa nusu, na asifichwe kitu.

Jumamosi, 7 Septemba

Joto. Mawingu yamekusanyika mchana, yametawanyika jioni. Bondeni hakuna kitu ila misumari.

Jumanne, 10 Septemba

Maganda ya risasi, mengi, karibu na kijito. Kaka anasema zamani sana vita vilipita hapa, babu za watu walikuwa wakisimulia. Yeye anayaona ni ushindi. Mimi sikutaka hata kuyashika. Bwana Mipaka alisimama ng'ambo akitutazama. Alinyanyua mkono, mimi nikanyanyua wangu. Kaka alikuwa ameinama.

Ijumaa, 13 Septemba

Nisipoandika leo sitalala.

Asubuhi tulipata mlio ambao sijawahi kuusikia: mnene, mrefu, unaoanza mapema na kuchelewa kwisha. Nikamvisha kaka spika, akausikia mwenyewe bila msaada wangu, akacheka kwa kujivunia. Udongo wa pale ni mgumu kama tofali. Koleo lilikataa, akaenda kuchukua sururu. Nikamwachia kazi, nikapanda nyumbani polepole kuleta maji, maana jua lilikuwa kali na kidonda kilikuwa kinanivuta.

Njia ya kurudi inapita juu ya bonde. Ukisimama pale unaliona shamba lote chini yako. Nilimwona kaka mgongo, shimo mbele yake, na ndani ya shimo ubavu wa chuma umejitokeza. Kimetuna katikati, kinachongoka upande mmoja, na karibu na kitako kuna pete ya shaba iliyogeuka kijani. Kwenye ukuta wa zahanati yetu, pembeni ya mlango wa chumba cha kujifungulia, pamebandikwa picha kubwa yenye michoro ya vitu ambavyo mtu akiviona asiviguse. Nimepita mbele ya picha ile kila siku ya kazi. Kitu kile kilikuwa pale, katika safu ya pili.

Kaka alikuwa ameinua sururu.

Nilipiga ukelele. Sururu ikashuka. Nikasikia ikilia kwenye chuma, kengele fupi, kavu. Nikapiga ukelele tena, naye akaiweka kando, akainama kufukua udongo kwa mikono. Hakuna mtu mwingine bondeni, ni mimi na sauti yangu ambayo kwake haipo. Nikatupa chupa ya maji nikakimbia. Mabua yalinichana miguu, kidonda kikaniuma kama kinafunguliwa upya, na njiani kote macho yangu yako kwenye sururu ile, mpaka akaishika tena. Nilimfikia imefika juu ya kichwa chake. Niliudaka mpini kwa mikono miwili.

Aligeuka kwa hasira. Akaniona uso, hasira ikamwisha.

"Bomu," nilimwambia, taratibu, ili aone mdomo wangu.

Akatazama chini, akanitazama tena. "Nilidhani mtungi wa gesi," alisema.

Hatukuigusa sururu tena, tuliiacha pale pale. Tulirudi nyuma tumeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, na hatukuachiana mpaka barazani. Hapo akakaa chini sakafuni. Akaniuliza kama nilikuwa nimemwita. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, sana? Nikamwambia sana.

Wifi aliwapigia polisi. Wakaja wawili, wakalitazama kwa mbali, wakafunga utepe kwenye vijiti, wakasema wanajeshi wa kutegua mabomu wataarifiwa. Mpaka hapo mtu asisogee. Kidonda wifi amekitazama. Kimevuja kidogo upande mmoja, hakikufunguka.

Jumamosi, 14 Septemba

Asubuhi wifi akachungulia dirishani akaniita. Bwana Mipaka alikuwa bondeni na sururu yake mwenyewe, ananyanyua utepe wa polisi apite chini yake.

Tulishuka sote. Nilimsihi kutoka mbali asimame. Alisimama, lakini aliniangalia kwa huzuni kuliko kwa hasira. Alisema hakunitegemea mimi. Mtu mzima, mkunga, nimekaa kwenye kiti chake, nimekubali nusu kwa nusu, kisha tumepata kitu, tumeita polisi wa kumtisha ili tukirudie wenyewe baadaye. Alisema trekta linakuja Jumatatu na mvua iko njiani. Hilo ni shamba la baba yake, na yeye hatafukuzwa humo kwa utepe. Nilijitahidi kumweleza kwamba ni bomu, lakini kila nilichosema kiligeuka ushahidi wa kunitia hatiani.

Kaka alikuwa anatutazama midomo, mara mimi, mara yeye. Kisha akapita katikati yetu, akaenda kusimama mbele ya mzee, shimo nyuma yake.

"Bwana, nitazame ukizungumza," alisema. "Mimi sisikii."

Bwana Mipaka akadhani anafanyiwa dhihaka. Akaanza kusema kitu, kaka akamkatiza, si kwa ukali.

"Mimi ni kiziwi. Sijamwambia mtu, mke wangu ndiye anayejua, na huyu dada yangu amegundua juzi juzi. Unanisalimia njiani, sikusikii. Nikiona mtu katikisa kichwa naitikia, asipotikisa nimempita. Jana nilikuwa nalipiga hilo dude kwa sururu kama hiyo yako. Dada yangu alipiga kelele mpaka koo likamkauka, mimi kwangu kimya. Ametoka kupasuliwa, akakimbia bonde zima, akaudaka mpini. Ningetaka kukuficha mali ningetafuta uongo mwingine, Bwana. Siyo huu."

Sikuwahi kumsikia kaka akisema maneno mengi hivyo mbele ya mtu wa nje. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa hawezi kuipima.

Bwana Mipaka aliishusha sururu mpaka ikagusa chini. Alisogea, akasimama karibu sana na kaka, akainua uso wake kwa sababu ni mfupi.

"Kumbe ni masikio," alisema. "Mimi nilidhani ni dharau."

"Ni masikio," kaka akajibu.

"Na msiba wa mama yenu nilikupa pole."

"Sikuipata."

"Basi pole."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Wifi akajifuta macho kwa ncha ya kanga akijidai ni vumbi. Tukapanda sote wanne, na mzee mwenyewe ndiye aliyerudi kuunyoosha ule utepe.

Jumanne, 17 Septemba

Wanajeshi hawajafika. Trekta limeahirishwa. Manyunyu asubuhi, kidogo tu, lakini kila mtu ameangalia juu. Bwana Mipaka na kaka wameweka viti juu ya njia, wanalinda bonde watoto wasishuke. Mzee amejifunza upesi: akitaka kusema anamgonga kaka goti kwanza.

Jumatano, 18 Septemba

Bado. Mawingu meusi. Wale wawili wamebishana mchana kutwa juu ya jiwe la mpaka. Nadhani wote wamefurahi.

Ijumaa, 20 Septemba

Wamekuja. Sajini mmoja mpole na vijana wake wanne. Alilitazama bomu muda mrefu amelala kifudifudi, akarudi akauliza ni nani aliyelipiga, maana ameona alama. Kaka akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi. Sajini alimtazama. Akamshika mkono, akautikisa.

Alisema haliwezi kubebwa. Watalilipua hapo hapo. Tuliondolewa mpaka nyuma ya nyumba ya Bwana Mipaka, majirani wote, tumelala chini tumejifunika vichwa. Kaka alikuwa ubavuni mwangu. Hangejua wanaanza lini, kwa hiyo nilimshika kiganja nikamwambia sajini akipiga filimbi nitakuminya.

Kwanza ardhi ilitusukuma tumboni, kisha ukaja mshindo. Vioo viwili vya mzee vikavunjika, mbwa wakalia, udongo ukaanza kunyesha juu ya mabati. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka.

"Hiyo nimeisikia," kaka alisema.

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Halafu sote, tumelala pale pale vumbini, mpaka mbavu zikauma, na Bwana Mipaka akacheka mpaka kifungo cha shingoni kikamfunguka.

Usiku nilipomtakia kaka usiku mwema, alinishika mkono. Akasema kama ile sururu ingeshuka tena tungekwenda pamoja, yeye na mimi, kwa sababu ya aibu yake. Kisha akaniuliza hospitali ya masikio iko wapi.

Jumanne, 24 Septemba

Trekta limelima tangu asubuhi. Shimo limefukiwa, ukilitazama kwa mbali huoni kitu.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Imenyesha kutwa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kesho narudi kwangu, wiki ijayo narudi kazini. Leo tulikwenda hospitali. Bwana Mipaka alituendesha kwa gari lake, akakataa kubaki nje, akaja kukaa nasi kwenye benchi.

Kaka alikuwa amevaa shati lake la kanisani, ndevu amezinyoa. Mara mbili alisema labda turudi siku nyingine. Mtaalamu wa masikio ni dada mdogo wa umri wa binti yangu. Hakumpigia kelele wala hakumwita babu. Alikaa mbele yake, akamwangalia usoni, akamweleza taratibu kama mtu anayezungumza na mtu. Akamwingiza kwenye kijumba kidogo chenye mlango mzito na kioo, akamvisha spika, akamwambia akisikia mlio wowote, hata uwe mdogo namna gani, ainue mkono.

Akafunga mlango. Akaniruhusu nikae karibu naye kwenye mitambo. Aliniambia milio ya upande mnene haina shida kubwa, na kweli, kila alipobonyeza mkono wa kaka ulipanda, bila kusita. Akaanza kupandisha sauti za juu. Mkono ukachelewa. Halafu haukupanda kabisa.

Huku nje hatukusikia chochote. Kwa mara ya kwanza msimu huu mlio ulikuwa wake peke yake, na sikuwa na waya wa kuvuta. Nilikaa nimekunja vidole. Bwana Mipaka alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake. Kaka alikuwa amefumba macho ndani ya kile kioo, paji la uso limejikunja, kichwa amekiinamisha upande mmoja, mkono uko gotini, umetulia. Yule dada akaongeza kidogo. Akasubiri. Akaongeza tena.

Uso wa kaka ukabadilika kwanza. Kisha mkono wake ukaanza kupanda, polepole, kama hauamini, mpaka ukafika juu ya kichwa, na akauacha huko huko.